Jumamosi ya makuti, karara na bezi wenye haraka

Jamani leo ni Jumatatu na bado natoa usumba kwenye nywele, kwenye mkoba, kwenye leso, jana nimetoa uzi mmoja kwenye sahani ya wali. Usumba, kwa nyie wa bara, ni zile nyuzi za makumbi, yale maganda ya nje ya nazi, ukishaingia nyumbani hautoki. Silalamiki lakini. Nataka niandike habari ya Jumamosi yetu kabla sijasahau, manake watu wameona picha nilizoweka status wakaanza kuuliza huko ni wapi na kwa nini mtoto Yesu amelazwa kwenye dau.

Nianze mbali kidogo. Mimi niko kwaya ya kanisa letu hapa Malindi, sauti ya pili, huu mwaka wa tisa. Na mwajua kwaya na Desemba. Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, yakianza tu ni mazoezi Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada ile "dakika kumi tu" ambayo ni saa nzima. Nyumbani watoto wanajipikia, baba watoto ameanza kunisalimia kama mgeni aliyekuja kuuliza njia. Mwaka huu mwenzetu mmoja wa sauti ya kwanza akasimama kwenye kikao akasema mimi siwezi tena, ama watoto wangu waje hapa ama mimi nibaki nao nyumbani. Kimya. Alafu akina mama wote tukaitikia kwa pamoja, na akina baba wawili hivi nao wakaitikia wakijifanya wanakohoa.

Na kulikuwa na hiyo shida nyingine ya mapambo. Kila mwaka tunatumia yale ya plastiki yanayometameta, yanakaa stoo mwaka mzima, na Malindi hii na chumvi yake ya bahari na panya wake, tulipofungua katoni mwaka huu ilikuwa aibu. Kununua mengine, mweka hazina alitufungulia daftari tukaona tukalifunga wenyewe. Ndo wazo likaja hapo: Jumamosi ya pili ya Majilio kila mtu aje na familia yake kuanzia saa nane, watoto watengeneze mapambo kwa vitu vya kuokota, kwaya ifanye mazoezi hapo hapo uani kwa kanisa, alafu magharibi tuimbe wote, tule, twende zetu. Hakuna kadi ya mwaliko wala mgeni rasmi. Hiyo ya mgeni rasmi tulibishana karibu saa nzima, manake kuna watu hawawezi kabisa kufikiria shughuli bila mtu wa kukatiwa utepe.

Vifaa havikuwa shida. Ukikaa Malindi ukakosa cha kutengenezea kitu basi wewe hutaki tu. Tuligawana, hawa walete makuti mabichi, hawa vifuu, hawa makumbi, hawa chelewa, zile njiti za ukuti, zilizokwisha kuparwa, hawa miyaa ya kusukia mikeka, na mmoja aliyesema "mimi nitaleta chochote" akaleta kweli chochote, gunia la matunda ya mvinje, vile vikoni vidogo vigumu ambavyo ukivikanyaga pekupeku unataja jina la mama yako. Hivyo ndivyo vilivyopendwa kuliko vyote. Baba watoto nilimtuma matete, akachukua bodaboda mpaka daraja la Sabaki na panga, watoto walitaka kwenda naye nikakataa, ule mto una mamba na una viboko, sina watoto wa kuwachezea. Alirudi na mzigo mrefu kuliko pikipiki yenyewe na tope mpaka magotini, lile tope jekundu ambalo mvua zikinyesha linageuza bahari yetu yote kuwa chai ya maziwa. Akasema nimekuletea na mchanga wa Galana, ndo mto huo huo wa Sabaki, huo ni bure.

Makome ndo yalileta ugomvi. Siku ya Alhamisi niliwapeleka wanangu na watoto wa jirani matembezi ya ufukweni, tukaanzia kwa nguzo ya Vasco da Gama, tukapita kile kikanisa kidogo cha Wareno, nikawaonyesha paa lake la makuti na kuwaambia Francis Xavier alipitia Malindi mwaka 1542 akielekea India, wakanisikiliza kama dakika moja hivi, basi. Tukaendelea hivyo hivyo mpaka upande wa Casuarina. Kufika huko mfuko wa kifunga mimba wangu umejaa makome, kauri mbili nzuri sana, kipande cha tumbawe, na kimoja kina miguu kinatembea ndani ya mfuko. Nikamwambia rudisha. Akalia. Nikamwambia hii ni mbuga ya bahari tangu 1968, kome na tumbawe havichukuliwi, akalia zaidi. Kilichomnyamazisha ni yule mwenye miguu mwenyewe, kaa anayeishi ndani ya kome. Tulimweka mchangani tukachuchumaa, akachungulia, akatoka nusu, akaiendea kauri moja tuliyoirudisha akaipima pima kwa miguu kama mtu anayejaribu kiatu cha mtumba, akaona ndogo, akarudi kwake. Mwanangu akasema "kwa hivyo tukichukua zote atakosa nyumba?" Nikasema ndiyo. Tukarudi nyumbani na vikoni vya mvinje tu, na mimi sikuongeza neno, siku hizi najua wakati wa kunyamaza.

Sasa Jumamosi yenyewe. Kaskazi imeshaanza na mchana huo upepo ulikuja na hasira zake, karatasi za solfa, zile za nota za nyimbo, zikaruka uani kama njiwa, tukazikandamiza kwa vifuu. Watoto sikuwahesabu, walikuwa wengi, na akina baba waliokuja "kuwashusha tu" wakajikuta wamekaa wanapara chelewa. Kuna mmoja, simtaji anajijua, ni wa kuvaa shati la mikono mirefu hata pwani, alivua viatu akasuka saa ya mkononi ya ukuti kama tulizokuwa tunavaa tukiwa wadogo, akamvalisha binti yake, akasuka na yake, akaivaa juu ya ile ya kweli. Na kititia je, kile cha ukuti kinachozunguka kwa upepo? Vititia vilitengenezwa labda hamsini, kila mtoto anakimbia na chake kuutafuta upepo, na upepo wenyewe haukuhitaji kutafutwa.

Mwalimu wa kusuka alikuwa Bi Mkubwa jirani yetu. Ana genge la mikeka na kawa pale kwetu, mkono wake hausimami, anaweza kukupimia mbaazi na ukili, ule mshipi wa miyaa wa kushonea mkeka, uko kwapani unaendelea. Nilipomuomba nilisita kidogo, nikamwambia Bi Mkubwa ni uani kwa kanisa, ni mambo yetu ya Krismasi, sijui kama utaona sawa. Akaniangalia kama mjinga. "Mwanangu, mimi naja kusuka, si kusali. Na watoto wote ni wa kusuka." Akaja na mkeka wake, akaketi chini ya mkilifi, akawarundika watoto kumzunguka, na akaniambia mapema kwamba magharibi yamkute kwake.

Upande wa pili wa ua alikuwa mama mkwe wangu, hawe wa watoto, yaani nyanya yao, amekuja kutoka Jilore na kazi yake moja tu, kayamba, ile ala ya matete ya kutikisa. Matete yakakatwa sawa sawa, yakapangwa, yakafungwa kwa uzi, tabaka la chini na la juu, pembeni vijiti vya kuyaachanisha, alafu mbegu, alafu unafunga. Kwenye mbegu ndo tukagongana mimi na yeye. Amekuja na fundo la leso limejaa turituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, nzuri kama shanga, na mtu yeyote aliyekulia mashambani anajua mtoto akizitafuna ni balaa, sumu iko ndani ya ganda. Nikamwambia mama, watoto wa mjini hawa kila kitu ni peremende. Akasema sisi tulizaliwa nazo. Nikasema mama nakuheshimu lakini hapana. Nilileta kilo mbili za pojo, ndengu kwa nyie wa bara, kutoka jikoni kwangu nikasimama imara, huku moyo unadunda, nyie mnaojua kubishana na mama mkwe mbele ya watu mtanielewa.

Tukamaliza hivi: za watoto zijazwe pojo, yake ajaze turituri mwenyewe, aishone mwenyewe, na fundo lirudi kwenye mkoba wake. Zilipoisha akachukua moja ya pojo, akaishika kwa mikono miwili, akaipeleka kushoto na kulia, ikatoa sauti laini hivi, chwaaa, chwaaa, kama mvua juu ya makuti. Akachukua ya kwake. Cha! Cha! Kali, kavu, inakata. Akaniangalia bila kutabasamu. "Hiyo yako," akasema, "ni ya kupika."

Na hapa niseme ukweli, alikuwa na haki. Lakini sikumwambia.

Haya, dau. Mwanangu wa kati alipewa kazi ya hori la kulazia mtoto Yesu kwenye pango, akapewa karara. Karara mwaijua, lile ganda refu linalofunika panda la mnazi, likikauka linaanguka lenyewe, huku limechongoka na kule limechongoka na katikati pana shimo. Mtoto wa Malindi ukimpa kitu cha umbo hilo unategemea nini? Nageuka, karara lina mlingoti wa chelewa, tanga la kipande cha leso yangu, usukani, na nanga ya kikoni cha mvinje kwenye kamba ya usumba aliyoisokota pajani mwenyewe, imesokotwa vizuri kuliko yangu. Katekista alikuja, akasimama, akajikuna kichwa. Akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, hori liko wapi?" Mtoto akamjibu ng'ombe wa huku hawali kwenye hori, wanafungwa mnazini wanakula nyasi, yeye hajawahi kuliona hori kwa hivyo ametengeneza anachokijua. Katekista akanitazama mimi, mimi nikaangalia chai. Wakazungumza wawili, mazungumzo marefu, kichwa kwa kichwa, na walipomaliza makubaliano yalikuwa kwamba dau litabaki lakini litie nanga na tanga likunjwe, manake wakati wa kuzaliwa hawakuwa safarini tena, walikuwa wamefika. Hiyo ya wamefika ni ya katekista. Mimi naona alijitetea vizuri.

Muda wote huo kwaya tuko upande wetu tunahangaika. Kuna wimbo mpya mwalimu ametunga wa kuingilia usiku wa mkesha, mtamu, una mahadhi ya kwetu ya kayamba, lakini una mahali katikati ubeti wa pili ambapo bezi, wale wanaume wa sauti nene ya chini, wanatakiwa wanyamaze mapigo mawili alafu waingie chini yetu. Wiki tatu wameshindwa. Tatizo liko kwenye karatasi. Kwenye solfa, wale mnaozisoma mnajua, sauti ina herufi, d, r, m, ukishikilia kuna kistari, lakini kimya hakiandikwi chochote, panaachwa wazi tu kati ya zile nukta. Basi bezi wetu wakiona pametupu wanadhani hapana kitu, wanaruka, wanaingia kabla ya wakati kama watu wanaodandia matatu, na sisi sauti ya pili tunakanyagwa. Wako wanne. Mmoja dereva wa bodaboda, mmoja fundi wa mafriji, mmoja karani, na mmoja, nasema kwa masikitiko, ni mwalimu wa hesabu.

Mara ya sita wanakosea, mwalimu wa kwaya ameshusha mikono, hakuna anayeongea, na katika ile kimya tukamsikia Bi Mkubwa kule chini ya mkilifi anamfundisha mtoto ambaye ukili wake umepinda kama mkia wa kinyonga. Amemshika vidole. "Juu, juu, chini, juu. Tazama. Huu uliopita chini huuoni, lakini upo. Usipouhesabu ukili wapinda. Haya hesabu na usiouona."

Mwalimu wa kwaya akageuka. Akasimama hivi kidogo. Alafu bila kusema kitu akawaita wale bezi wanne, akawaongoza mpaka kwenye mkeka, akasema Bi Mkubwa, nakuomba na hawa.

Mngewaona hao mijibaba. Wameketi kitako, magoti yako masikioni, kila mmoja na miyaa yake mikononi, na watoto wa miaka saba wanawacheka waziwazi. Bi Mkubwa hakucheka. Aliwapa, akawaonyesha, akawahesabia, juu, juu, chini, juu, na kila wakifika kwenye chini anagonga mkeka kwa kidole. Yule fundi wa mafriji akakamata haraka, mwalimu wa hesabu akakatikiwa na mwaa mara mbili kwa kuvuta kwa nguvu. Walipokaa sawa mwalimu wa kwaya akatupa sisi wengine sauti, taratibu, chini chini, tukaanza ubeti wa pili huku wao wanasuka tu, wala hawaangalii karatasi. Ikafika pale. Wakanyamaza. Kidole cha Bi Mkubwa kikagonga mkeka, kikagonga tena, na bezi wakaingia chini yetu laini kabisa, kama mtu anayekuwekea mto mgongoni. Nywele zilinisimama. Soprano mmoja aliacha kuimba akapiga kelele "eh!" ikabidi turudie.

Tukarudia mara tatu, zote sawa. Na Bi Mkubwa, bila kuinua macho: "Mimi nyimbo zenu sizijui. Lakini hawa wa sauti nene tangu nimekuja wakimbia, nikadhani ndivyo ulivyo."

Nimefikiria hiyo sana tangu Jumamosi. Wiki tatu tumegonga meza kwa peni, tumepiga makofi, tumegombana, mwalimu amepakua mpaka programu ya kuhesabu mapigo kwenye simu. Na sisi ndo watu ambao mama zetu wanatwanga kwa wimbo, wavuvi wanavuta nyavu kwa wimbo, hakuna aliyewahi kuwapa karatasi. Mikono ilikuwa haina kazi, ndo nilivyoona mimi. Mwalimu anasema ni bahati tu, lakini nimemwona jana ameweka miyaa kwenye begi la solfa.

Adhana ya magharibi haijafika Bi Mkubwa akakunja mkeka. Tulimfungia mahamri na mbaazi, na tukanunua kwake kawa sita za kufunikia matoleo, kwa bei yake, hakupunguza hata shilingi na hatukuomba. Kesho yake aliniambia mbaazi zetu zilikuwa na chumvi kubwa. Ni kweli. Mpishi alikuwa mimi.

Jioni tulitaka tuimbe nje na taa za vifuu. Unatia mafuta ya nazi kidogo kwenye kifuu, utambi wa pamba, ni nzuri mno, na kwa picha usiseme. Kaskazi ikazizima zote kwa pumzi moja. Tukawasha tena, ikazizima tena, baba mmoja akakaa anazikinga kwa mgongo wake mpaka shati likanuka moshi, mwisho tukaingia ndani tukazipanga chini, ukutani, mbele ya pango. Watoto walikaa mbele na kayamba zao, na nyota za chelewa zimening'inia juu kwa usumba, zingine na pembe tano zingine na pembe ambazo hazina hesabu. Hatukuwasha kibodi. Hawe alikaa kwenye kiti pembeni na ile yake ya turituri, kila pigo la kwanza cha!, na watoto nyuma yake chwaaa, na kumbe zikichanganyika ndo zenyewe, ile kali inakata na ile ya kupika inajaza. Nilimtafuta kwa macho nimuonyeshe. Alikuwa amefumba yake.

Ubeti wa pili ukaja. Bezi watatu wakangoja. Mwalimu wa hesabu akaingia peke yake, mapema, kwa sauti kubwa na imani kamili.

Basi tulicheka mpaka wimbo ukafia hapo, na mwalimu wa kwaya mwenyewe ameinamia meza mabega yanatikisika, tukaanza upya.

Tumeondoka karibu saa tatu. Tuktuk moja watu sita, mama mkwe mbele karibu na dereva kwa heshima yake, sisi nyuma tumebanana na mabaki ya makuti, dau limebaki kanisani limetia nanga. Kifunga mimba alikuwa amelala begani kwangu na kayamba yake amekumbatia, kila jaribio la kumtoa mikononi anakunja uso. Barabara yetu mnaijua na matuta yake. Tuta la kwanza, chwaaa. La pili, chwaaa. La tatu dereva akasimama, akashuka na tochi ya simu, akachungulia tairi, akainama chini kabisa, akarudi, hakusema kitu. Tukaendelea. Tuta la nne akasimama tena. Akamgeukia mama mkwe wangu, kijana wa watu amechoka, "Mama, wewe pia waisikia hiyo kitu, ama ni mimi tu?"

Hawe akamwambia, "Endesha mwanangu. Ni pojo."